Mafiga Yetu Yalipotolewa Nje

Juzi huko Shianda niliona mama mmoja akipikia nje ya kambi ya wakata miwa, nikakumbuka alasiri moja tulipokuwa Kabras. Sijui kama nakumbuka sawasawa.

Baba alikuja kukata miwa, nasi tukamfuata kutoka ng'ambo ya mpaka. Tulikaa chumba kisicho na dirisha katika boma la watu. Mama alipikia humo humo, kwa majani makavu ya miwa, maana aliona haya kuweka sufuria kwenye ua wa wenyewe. Mdogo wangu Apio alikohoa mpaka akatapika. Alipewa dawa zahanati, tukamrudisha kwenye moshi ule ule. Mimi nilidhani kikohozi kile ni nchi ya watu inatukataa.

Alasiri hiyo ninayoikumbuka, kabla mama hajawasha moto, mwenye boma, Mama Shikuku, aliingia, akainua mafiga yetu akayatoa nje. Nikalia. Kwetu mafiga yakitolewa, mwanamke amefukuzwa.

"Tunaenda wapi?" nikamuuliza Mama Shikuku.

"Muende wapi na hamjala?" Akamgeukia mama. "Mama Apio, unanyamazanga nini? Pika jikoni kwangu. Huyu mtoto anakula moshi."

"Niliogopa kukusumbua."

"Hicho kikohozi ndicho kinanisumbua. Silali."

Sisemi alikuwa ametunyima jiko; hatukuwahi kumwomba.

Apio hakupona siku hiyo, nisidanganye. Lakini jioni moja baadaye, tukiwa tumezoea kupikia kwa Mama Shikuku, Apio alilala kimya, akipumua vizuri. Mama aliweka mkono mgongoni kwake akingoja akohoe, akangoja, mpaka usingizi ukamchukua yeye mwenyewe.