Tonge la Ebitoke Ndani ya Bomba

Kiangazi kile jikoni kwetu Chonyonyo kulinukia mvua. Nje nyasi zilikuwa zimekauka na vumbi jekundu limetanda juu ya migomba, lakini nyuma ya mafiga palinuka udongo mbichi kama siku za masika. Mimi niliipenda harufu ile. Mama aliweka kiganja ukutani, akakiondoa kikiwa na tope.

Baba alikuwa karani wa kahawa kutoka Muleba, nasi tulipewa nyumba iliyoachwa na Mzungu mmoja. Bomba la shaba lilitoka kwenye tangi la maji ya mvua, likapita ukutani hadi jikoni, na majirani walikuja kutazama maji yanayojileta yenyewe. Sasa kiungo chake kilivuja, tone baada ya tone, na ukuta wa tofali mbichi ulianza kuvimba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba alikizungushia mpira wa baiskeli. Maji yakatokea pembeni.

Akaitwa Zakaria, fundi wa kuziba sufuria. Alichimbua ukuta, akafunga koki ya tangi, akakichomoa kiungo kilicholegea, akapasha moto chuma chake. Lakini koki ilikuwa imechakaa. Uzi mwembamba wa maji uliendelea kuja, na risasi ya kulehemia ikakataa kushika.

"Shaba yenye maji hailehemiki," alisema. "Tumwage tangi."

Humo mlikuwa na maji yetu yote hadi vuli. Mama, aliyekuwa akimpondea mdogo wangu ebitoke, ndizi zetu za kupika, alikata tonge akamnyooshea fundi.

"Hili halitayazuia kidogo?"

Zakaria alicheka, kisha akaacha kucheka. Alilisukuma ndani kwa kijiti. Uzi wa maji ukakatika. Akarudisha kiungo haraka, akakilehemu, tukangoja kipoe.

Koki ilipofunguliwa, bomba lilikohoa, likatema uji wa ndizi kwenye shati jeupe la Baba, halafu maji yakaja. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Leo mabomba yangu ni ya plastiki. Yakivuja nampigia simu fundi. Anamaliza upesi na kuondoka bila hata kunywa chai. Kazi yake ni safi, sina la kulalamika. Ila siku ile Zakaria alikaa nasi hadi jioni, na Baba alikataa kubadili shati, akawaonyesha doa wote waliopita. Sijapata tena kuona watu wazima wakifurahia bomba kiasi kile.