Mukono Mufupi wa Shati ya Papa

Harufu ya pasi ya makala ya moto juu ya kitambaa kipya, ikipita tu kwenye pua yangu, naacha kazi niliyoshika. Mimi kambo wa watu, muzee mwenye wajukuu wamejaa nyumba, nacheka na kila mutu hapa Kalemie, lakini harufu ile inanirudisha mutoto wa myaka kenda, kifurushi kwenye magoti, naogopa.

Siku zile tulikaa Zongwe, kijiji cha kandokando ya ziwa. Papa alikuwa muvuvi. Mukono wake wa kuume ulivunjika zamani, ukaunga vibaya, ukabaki mufupi, umepinda. Shati za mitumba zilimufunika vidole upande ule. Hakupenda watu wauone. Kanisani aliuweka nyuma. Sasa padri akamuchagua kuwa katekista, siku ya Pasaka asimame mbele ya wote asome. Papa akasema, "Nitasoma, lakini nipate shati yenye kunitosha." Mama akatoa kitambaa cheupe alichokuwa anakificha tangu ndoa yake. Hakuwa na kingine, njo kile kimoja tu.

Hapa Kalemie kulikuwa fundi mumoja alishona barazani, hakuwa mutu wa bei kali. Unamuletea kitambaa, uzi na vifungo, unamupa samaki mikebuka mikavu, anakushonea kwa kipimo chako kabisa. Lakini Papa hakuweza kuacha nyavu, na mama alikuwa na kitoto kichanga. Basi mama akamupima Papa na kamba ya nyavu, akafunga mafundo: la shingo, la kifua, la mukono murefu, la mukono mufupi. Akanifundisha mpaka nikayaimba. Nikapanda mutumbwi na mama mukubwa, dada ya mama, alikuwa anakuja huku kuuza samaki.

Nikamuimbia fundi mafundo yote, akacheka, "Huyu mutoto ataninyanganya kazi." Kisha akauliza, "Ule mukono mufupi ni wa kuume ao wa kushoto?"

Hilo mama hakunifundisha, na kamba haina upande. Nikafunga macho, nikamuona Papa amekaa mbele yangu anashona nyavu, mukono uliopinda uko huku. Nikainua mukono wangu wa upande ule. "Wa huku."

"Kushoto," fundi akasema, akakamata makasi.

Siku ya kurudi, kifurushi kilikuwa bado na moto wa pasi. Ndani ya mutumbwi mama mukubwa alikaa akiniangalia, anakula muhogo na mukono wake wa kuume. Nikaona mukono ule uko upande wangu wa kushoto. Nikamukumbuka Papa vile alikaa mbele yangu. Nikageuka nikakaa kama yeye, nikageuka tena.

"We mutoto, una viroboto? Utatumwanga ndani ya maji."

Nikatamani kifurushi kianguke ziwani, kisha nikaogopa kuwaza vile, nikakikumbatia. Mpaka Zongwe nilikuwa nageuza mikono yangu kichwani, pengine nimekosea, pengine sikukosea.

Papa akavaa. Mukono muzima ulitoka nje mpaka karibu na kiwiko. Ule uliopinda ukamezwa wote, vidole havionekani. Mama akajifunika mudomo na kitenge. Kesho njo Pasaka, na fundi yuko mbali. Nikasema nikilia, "Papa, mimi nilikuangalia kutoka mbele."

Papa akakunja shati kwenye mukono uliopinda mpaka juu ya kiwiko, akaninyooshea ule wa pili. "Nikunjie na huu, ifanane."

Asubuhi akasoma. Kola ilimukaa vizuri, na mukono uliopinda ndio ulioshika kitabu, wote wakauangalia. Sikumuona tena akiuweka nyuma.

Sasa mujukuu wangu Eritie atasimama mbele ya walimu wake kutetea kazi ya mwisho ya masomo. Shati za maduka bei inamushinda, za mitumba zinamubana shingo. Anasema fundi wa leo ni wa bei nzuri, unamutumia vipimo kwa simu, hakuoni hata uso. Nikamuuliza kama simu inajua upande.

"Kambo, mikono yangu iko sawasawa."

Ni kweli, iko sawasawa. Nikamuambia asimame tu, nimupime mimi. Nikapita nyuma yake, nikaangalia kule anakoangalia yeye, njo nikamushika mukono wa kuume.