"Presently" ya Mgeni Wetu

Ndugu msomaji, ukijua lugha tatu, usijiamini kama mimi. Miaka ile ya Zaïre nilifundisha Kiingereza hapa Kolwezi, na nilitamani sana kazi ya ukalimani mgodini. Siku ya kujaribiwa, mkurugenzi alinipeleka kumpokea injinia Mwingereza kwenye nyumba ya wageni. Nikabisha mlango. Akajibu kutoka ndani: "Presently!"

Kwa Kifaransa, présentement ni sasa. Rahisi kabisa! Nikawageukia akina mama wa ngoma waliopangwa nje kumkaribisha mgeni: "Anatoka sasa hivi!"

Wakaimba, wakacheza, jasho likawatiririka. Mlango kimya. Baada ya nusu saa mkurugenzi akaniita "raia" kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi enzi ile, akauliza, "Citoyen mwalimu, sasa hivi ya Bangeleza iko namna gani? Bamama balishachoka!"

Nikausukuma mlango. Mgeni alikuwa na taulo kiunoni na povu la kunyolea shavuni. Nilipomweleza nilivyolielewa neno lake, akacheka sana, akasema maneno ambayo ilinibidi nimtafsirie mkurugenzi mwenyewe, mbele ya wote:

"Anasema neno lile ni 'baadaye kidogo'. Maana niliyoitoa mimi, 'sasa hivi', ilikuwa sahihi miaka mia nne iliyopita."

"Muzuri, baba," akajibu mkurugenzi. "Kazi tutakupatia. Lakini kule kwa zamani, kwa ile miaka mia nne."