Pole Kabla ya Firimbi

Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo lilitokana na kulelewa vizuri. Kila alipomwangusha mtu uwanjani alisimama, akainama, akamnyooshea mkono na kumwambia, "Pole, kaka." Mpira wenyewe ulikuwa bado unachezwa nyuma yao.

Nilikuwa dereva wa hoteli moja mtaa wa West Bay, ughaibuni kwa Waarabu, yeye mlinzi wa mlango wa chini wa kupokelea mizigo. Mimi Mkenya, niliyecheza raga nyumbani mpaka goti likakataa. Yeye Msukuma wa Shinyanga, mwili kama mlango wa ghala, lakini ametulia kama maji mtungini. Kila asubuhi alinipa shikamoo ingawa nilimwambia inanizeesha.

Siku za Ijumaa niliisaidia timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya kuvimba. Ilikuwa na Wamarekani, Walebanoni, Wafilipino na yeyote mwenye mbavu za kuvunjwa. Nilipewa kuufundisha mstari wa mbele wa ulinzi, kwa sababu kusukumana ndicho nilichokijua. Kazi ya mstari huo haina siri: mbele yako kuna ukuta wa wanaume wanene, nyuma yao yuko mrushaji, nawe umfikie kabla mpira haujamtoka mkononi. Nilipomwona kijana wa Shinyanga akishusha friji kwenye lori peke yake, nilimwambia Ijumaa asipange kitu.

Tulifanyia mazoezi kwenye maegesho ya chini ya hoteli, baada ya zamu. Tulijaza taulo mbichi kwenye toroli la dobi, naye akalisukuma huku nikimfokea. "Kiuno chini! Chini zaidi! Mikono kifuani mwake, si mabegani, humbembelezi mtu!" Alikuwa hasikii uchovu. Kilichonichukua miaka kujifunza, yeye alikishika kabla majira ya joto hayajaingia, na sioni haya kusema niliona wivu kidogo.

Lakini pole ilimshinda kuacha. Nilimkimbiza uwanja mzima, nikamnunia, nikamwita bibi harusi. Wapi! Kocha mkuu, Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa shule, alinivuta pembeni akasema kijana ni mwema mno kwa mchezo huu, tumtafute mwingine. Nilichemka. Nilimwambia asubiri mechi moja tu.

Mechi hiyo ingetazamwa na mtu wa klabu ya kulipwa ya Ujerumani. Mkataba wa kijana wa kulinda mlango hotelini ulikuwa unakwisha na kampuni haikutaka kuurefusha. Akipendwa, angecheza kwa mshahara. Asipopendwa, angepanda ndege ya kurudi kwao, na mchezo wake ungeishia hapo.

Kipindi cha kwanza alimbwaga jitu lililokuwa mbele yake, njia ikawa nyeupe, naye akainama kumwinua. Mjerumani akaanza kuchezea simu yake. Wakati wa mapumziko nilimkuta kijana ameketi kwenye nyasi, helmeti mapajani.

"Kocha, nisamehe. Mtu kaanguka mbele yangu, nimruke kama gunia?"

Nilitaka kufoka, nikamtazama, nikashindwa. Nikaketi.

"Hebu niambie. Huko kwenu, mgonjwa akiwa bado anapumua, mnampelekea mkewe rambirambi?"

Alishtuka. "Hapana, kocha! Huo si uchuro?"

"Basi wewe unatufanyia uchuro hapa kila Ijumaa. Firimbi ikiwa haijalia, hakuna aliyeanguka. Ikilia, ndiyo matanga. Wape pole wote, hata refa."

Alicheka, akavaa helmeti. "Sawa, kocha. Hapo nimekuelewa."

Tuliporudi uwanjani, mpira ulipotikisika tu alikwenda chini, mikono ikaingia kifuani mwa lile jitu, likarudi nyuma kama toroli la taulo na kuanguka. Nilifumba jicho moja. Hakuinama. Alipita, akamkumbatia mrushaji na wote wawili wakalala chini. Firimbi ikalia. Ndipo akamwinua mrushaji, akampangusa nyasi mgongoni, akarudi kwa lile jitu: "Pole sana, kaka." Akafanya hivyo tena, na tena, mpaka wapinzani wenyewe wakawa wanamngojea awanyanyue. Mjerumani alikuwa amekwishatia simu mfukoni.

"Huwa anawaambia nini?" akaniuliza.

"Anawapa rambirambi," nikamjibu.

Niliyempeleka uwanja wa ndege, apande ndege ya Ujerumani, ni mimi, kwa gari la hoteli. Kutoka mtaani kwangu, Fereej Bin Mahmoud, nilikuwa nimejiapiza kwamba sitalia, maana mtu mzima halii mbele ya mizigo. Nilimkabidhi begi. Akaniangalia usoni, akaniwekea ule mkono wake mzito begani.

"Pole, kocha."

"Ya nini? Nani amekufa?"

"Firimbi si imelia?"

Akaingia ndani. Nilibaki pale mpaka askari wa maegesho akaja kunifukuza kwa Kiarabu, yalla, yalla, ondoa gari. Nikamwonyesha mgongo ule mpana ukipotea kwenye vioo, nikamwambia kwa Kiswahili kitupu, "Yule ni kijana wangu." Hakuelewa hata neno. Nikamwambia tena.