Majalada Mawili Yaliyosubiriana

Siku yangu ya kwanza masjala nilipewa rula, chupa ya gundi na kitambaa cha vumbi, nikaambiwa nisiguse kitu. Sasa rula ya nini? Uhuru ulikuwa bado mbichi, na mimi nilikuwa na darasa la nne, tena hilo la nne nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Ofisi ilikuwa ya serikali, hapa kwetu Lushoto. Ipi, sitasema, wahusika wana wajukuu.

Masjala, kwa ninyi vijana, ni chumba yanakokaa majalada ya ofisi nzima. Afisa akitaka kumwambia mwenzake jambo haendi kumwita. Anaandika dokezo ndani ya jalada, kisha mhudumu kama mimi analibeba kwapani. Kila safari inaandikwa kwenye rejesta: nani kachukua, lini, kasaini. Gundi tulikoroga wenyewe kwa unga wa muhogo, panya wakaipenda kuliko tulivyopenda chakula chetu, lakini hiyo ni habari nyingine.

Karani Mkuu, mtu wa suti moja, alinipa sheria siku hiyohiyo: "Jalada lililosainiwa haliondoki mezani mpaka aliyelisaini amalize kazi yake. Hata mkubwa gani alililie." Sheria nzuri. Kabla yake karatasi zilipotea kama vifaranga sokoni. Niliitii miaka. Siku nilipoivunja, niliivunja kwa makusudi, na mpaka leo sijaomba radhi.

Kazi niliyojifunza bila kufundishwa ni kupima majalada yaliyokwama. Nilikuwa nauliza kila meza maswali mawili: umeshika nini, na unasubiri nini? Kisha nachora kwa penseli mshale kutoka kwa anayesubiri kwenda kwa anayesubiriwa. Mshale ukiishia kwa mtu anayekunywa chai, huo ni uvivu tu, unamkumbusha. Ukiishia kwa aliyesafiri Tanga, unangoja basi. Lakini mishale ikizunguka ikarudi ilikoanzia, hapo hata ungoje mpaka kiama. Hakuna mvivu, hakuna mkosaji, kila mtu anafuata sheria, na kazi imekufa.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, vijiji vinapangwa. Akaja mjane mmoja, Mama Zaina, analima kabichi na karoti bondeni, huko chini ya Irente. Kamati ya kijiji ilimwambia alete barua ya ofisi kwamba bonde ni lake kulima. Masika yakianza hana barua, linaingizwa kwenye shamba la kijiji. Hakuwa na jingine, na watoto walikuwa wanne. Kila siku ya soko alipita dirishani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Barua?"

"Bado, mama."

"Bado! Kwani wanaichonga kwenye jiwe?"

Nikafungua rejesta. Jalada la ardhi, lenye ramani ya bonde, lilikuwa kwa Bwana Ardhi; alisubiri maoni ya kilimo ndipo aandike barua. Jalada la kilimo lilikuwa kwa Bwana Shamba. Alisubiri kuiona ramani ndipo aandike maoni. Wiki ya sita hiyo. Na vyumba vyao vilitazamana, hatua nane.

Kwa nini mmoja asivuke? Nitasema ukweli. Bwana Ardhi alikuwa kijana mwenye cheo kikubwa. Bwana Shamba mzee mwenye cheo kidogo. Kijana akivuka, lazima aamkie shikamoo mlangoni kwa mtu wa chini yake. Mzee akivuka, amemfuata mtoto. Kila asubuhi walichungulia kwanza ukumbini wasije wakakutana.

Nikamwendea Bwana Ardhi. "Ndugu, nikopeshe ramani nimpelekee mwenzako, narudi nayo sasa hivi."

"Jalada likipotea, saini ya nani iko kwenye rejesta? Yako?"

Nikamwendea Bwana Shamba. Akacheka mpaka koti likatikisika. "Mwambie huyo mtoto miguu anayo."

Karani Mkuu naye: "Wote wako sahihi. Subiri."

Nikatazama nje. Mawingu yalikuwa yameshalala juu ya misitu, siku kavu mbili tatu tu zimebaki. Bwana Ardhi alipokwenda kunywa chai niliingia, nikalichukua jalada bila saini, nikavuka hatua zile nane.

"Mzee, ramani hii hapa. Andika, nakungoja nimesimama."

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna. Andika."

Akaandika mistari minne. Nikarudi na majalada yote mawili, nikamkuta Bwana Ardhi mlangoni kavimba kama chura.

"Umeiba jalada la serikali!"

"Sijaiba, nimelitembeza. Maoni unayo sasa. Barua je?"

Aliandika, nasema haki, tena barua nzuri. Mama Zaina aliipeleka kijijini mvua zikimpiga mgongoni, na bonde likabaki lake.

Mimi nikaitwa kwa Afisa Utumishi. "Andika barua ya kuomba radhi, yaishe."

"Niandike nini? Kwamba najuta mama yule kupanda kabichi?"

Wakanipa onyo la maandishi, wakanihamishia stoo ya majembe upande wa Bumbuli, miaka sita bila kupanda daraja. Huku nyuma Karani Mkuu akatoa agizo jipya, bila kunitaja: anayehitaji majalada mawili achukue la ardhi kwanza, la kilimo baadaye, wote kwa mpangilio huohuo, asiyepata la kwanza asishike la pili. Mishale haikuzunguka tena. Naambiwa hata ndani ya kompyuta zenu programu mbili huweza kukwama hivyo, kila moja imeshika faili inayotakiwa na mwenzake, na wataalamu wenye digrii huzikwamua kwa mpangilio kama ule. Sishangai. Tofauti ni kwamba programu haina aibu ya kuamkia.

Nilipostaafu, binti wa utumishi alifungua jalada langu. Akaliona lile onyo, akanionea huruma. "Mzee, ni la zamani sana, tunaweza kuomba lifutwe. Limekuchafulia jina."

Nikamwambia aliache hapohapo. Na kwa kuwa wino ulikuwa umefifia, nikamwomba aukoleze.