Hewa Kwenye Breki

Kalipa, vile vibanio vya breki za mbele za gari langu kuukuu, nilizifungua mwenyewe, nje ya ploti yetu Kawangware. Nikasugua kutu kwenye pistoni, nikaweka mipira mipya, nikazirudisha. Kisha mke wangu akaketi kwenye usukani tuanze kutoa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki.

"Kanyaga! Achia!"

Mchana kutwa, na pedali bado inazama tu. Mguu wake ulichoka, mgongo wangu ukaniuma. Ndipo nikaona skrubu za kutolea hewa zimeangalia chini. Kalipa ya kushoto nilikuwa nimeifunga kulia, na ya kulia kushoto, na hewa imejikalia juu, isikoweza kutoka. Nikatupa spana.

Nilipomweleza hakufoka. Alivaa viatu, akaenda kupika.

"Ukimaliza kukosea, uniite."