Bushi za Akala

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilipeleka gari langu dogo gereji hapa Homa Bay kwa sababu lilikuwa likigonga mbele kila nikipita shimo. Fundi alichungulia chini, akasema bushi, zile pete za mpira zinazopunguza mtikisiko, zimekwisha. Akatoa mpya kwenye mfuko wa plastiki, na kabla sijamaliza chai yangu kazi ilikuwa imekwisha. Nikabaki nimeshika moja kuukuu mkononi, mpira wake umepasuka kama kisigino cha mkulima, nikamkumbuka nyanya.

Nilipokuwa mtoto tulikaa upande wa Ndhiwa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ajabu yetu pale kijijini ilikuwa gari la Kimarekani, refu, rangi ya maziwa mgando, usukani kushoto. Tuliachiwa na Mmarekani mmoja aliyekuwa akitega mbung'o bonde la Lambwe. Baba alikuwa amemfundisha Kijaluo, na siku ya kuondoka yule mtu akamkabidhi ufunguo. Jumamosi mimi ndiye niliyeliosha. Tukisahau kufunga madirisha, kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma, na mama akatukaangia mayai hayo kwa kicheko.

Halafu nyanya, mama yake baba, akaanguka shambani akichimba viazi vitamu, akavunjika nyonga. Baba alimpeleka hospitali Homa Bay kwa gari lile. Wakati huo bushi zilikuwa zimelika hadi chuma kikagonga chuma, na kila shimo la barabara ya murram lilimpanda nyanya mwilini. Alilia njia nzima. Mimi sikuwa nimewahi kumsikia nyanya akilia.

Wiki nyingi zikapita. Daktari akasema sasa anaweza kurudi nyumbani. Nyanya akakataa.

"Wuoda," alimwambia baba, yaani mwanangu, "kama ni gari ile, wacha nifie hapa. Mimi siingii tena."

Matatu nazo hazikufaa, maana hakuweza kukaa wima. Baba akaenda Migori kutafuta bushi. Alizunguka maduka yote ya vipuri, akarudi mikono mitupu. Wauzaji walimwambia gari kama hilo hawajawahi hata kuliona.

Aliyetuokoa ni jirani yetu aliyekuwa akitengeneza akala, vile viatu vya tairi. Alikuja na kisu chake kifupi, akalala chini ya gari, akaligongagonga.

"Mwalimu, hii gari si mgonjwa," alisema. "Ni magoti tu yamezeeka."

Walilipandisha kwa jeki, wakaliegemeza juu ya mawe, wakafungua ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Mpira wa zamani uligoma kutoka, ikabidi wauchome moto, na moshi wake mweusi ulinuka hadi kwenye uji wetu. Jirani alikata tairi la lori vipande vya mviringo, akavitoboa katikati, akavipanga kwenye bomba la chuma kama mandazi kwenye kijiti. Kila mara alichovya kisu majini ili kiteleze. Mara ya kwanza walitumia mpira laini. Gari halikufika hata mtoni kabla haujajikunja na kutoka. Wakaanza upya, safari hii kwa mpira wenye nyuzi ndani, wakaupaka sabuni ya mche, wakausukuma polepole kwa jeki hadi ukaingia.

Baba alikuwa na njia yake ya kupima. Alinikalisha kiti cha nyuma na sufuria ya uji mapajani.

"Kama uji haumwagiki," alisema, "nyanya yako ataweza."

Siku ya kwanza nilirudi nimelowa hadi soksi. Wakakaza nati. Siku ya pili ilimwagika robo. Siku ya tatu baba aliendesha hadi sokoni na kurudi, na uji ulicheza tu ukingoni. Jirani akachukua sufuria, akaunywa wote palepale amesimama, kisha akaenda zake kukata viatu.

Tulipofika hospitali, nyanya alilitazama gari kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyewahi kumpiga pembe. Baba hakubishana naye. Alimbeba, akamlaza nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Tulipopita shimo la kwanza alinishika mkono kwa nguvu. Shimo la pili, akanishika kidogo. Kufika Rodi, vidole vyake vilikuwa vimelegea, naye anakoroma taratibu, akinuka dawa na mafuta ya ng'ombe.

Tulipokaribia nyumbani nilimwona mama langoni, mwiko wa ugali mkononi. Baba hakusimama. Alipunga mkono tu, akapita, akaendelea mbele hadi pale njia inapoteremka kuelekea Lambwe, akageuza kwa upole, akarudi, akapita tena. Ugali ukapoa. Tulipita mara tatu kabla nyanya hajafumbua macho.

"Bado hatujafika?"

"Tumefika sasa hivi, mama," baba akajibu.

Nyanya aliishi akaona mavuno mawili zaidi ya njugu. Jirani alihamia kwa watoto wake Kegonga, na akala sasa ni za kutafuta kwa tochi. Gari lenyewe lilikatwakatwa likauzwa kama vyuma chakavu. Barabara ni lami tupu, unafika haraka, na hakuna anayezunguka bure.

Baba amezeeka, husikia kwa sikio moja. Mwaka jana nilimuuliza kwa nini siku ile hakusimama langoni. Alinigeuzia lile sikio linalosikia, nikarudia swali.

"Tangu aanguke," alisema, "sikuwa nimemwona akilala bila kukunja uso. Nilikuwa namtazama kwenye kioo. Nilitaka nimtazame kidogo tu zaidi."